Punje Moja Mbele

Mwalimu wetu wa kazi za mikono alikuwa na kipimo kimoja tu, nacho ni punje ya mchele. Sisemi kwa mfano. Alikuwa na punje yenyewe, ndefu, ya mpunga wa kwetu Kyela, aliyoichagua mwenyewe kwenye ungo. Kila tuliposogeza mguu wa mdoli, tuliilaza punje ile mbele ya mguu ili kuhakikisha. "Punje moja mbele," alisema. Tukasogeza. Akabonyeza kamera, akaachia. "Punje moja mbele." Mdoli akikimbia, punje mbili. Akiwa amelewa, punje moja mbele na nusu pembeni, na hiyo nusu ilituletea ubishi mwingi kuliko hesabu zote za darasa la saba.

Siku moja kuku wa mlinzi wa shule aliingia darasani akaimeza punje. Mwalimu alimtazama kuku yule kwa muda mrefu.

"Kipimo kimeliwa," akasema. "Nendeni nyumbani."

Hatukupiga picha siku tatu, mpaka alipopata punje nyingine iliyolingana na ile ya kwanza. Mtoto mmoja akamuuliza amejuaje kuwa zinalingana, wakati ya kwanza iko tumboni mwa kuku.

"Naikumbuka sura yake," akajibu.

Mwalimu tumemzika kijijini Talatala, wakati watu wanaanika kakao. Pale kaburini yalisemwa mengi mazuri na mengi yalikuwa kweli. Mimi sikusema kitu. Shule yangu iliishia darasa la saba, kazi yangu ni cherehani, na mbele ya watu ulimi wangu huwa mzito. Basi nayaandika hapa.

Nilimfahamu kwa sababu ya filamu moja, na kwa miaka mingi nilimfuata kwa sababu ya mkono mmoja uliomo ndani ya filamu hiyo. Mkono ni wa mdogo wangu, Tumpe. Alikufa kwa homa mwaka uliofuata ule wa filamu, siku tatu tu za kuugua, na nyumbani hatukuwa na picha yake hata moja. Mpiga picha alikuwa ameitwa Pasaka iliyotangulia, mvua ikamzuia, tukasema atakuja Pasaka nyingine. Uso wa Tumpe siukumbuki vizuri. Naona aibu kusema hivyo lakini ndivyo ilivyo. Mkono ule kwenye mkanda wa video ndio pekee uliobaki wa kuonekana.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, maduka yalipojaa ghafla. Mtaani kwetu Mbugani kila nyumba ya tatu ilitoboa dirisha ikawa duka. Sabuni na mafuta vilivuka mto kutoka Malawi mchana kweupe, na watu walijifunza kuvaa koti la mtu wa nchi ya baridi katika joto letu la ziwani. Katika vitu vilivyoingia ilikuwemo kamera ya video ya Alhaji wa vitambaa, mzee aliyetoka pwani zamani na kufungua duka karibu na soko. Aliinunua kwa ajili ya harusi. Ilikuwa kubwa, ya kuweka begani, ikimeza mkanda mzima.

Mwalimu alikwenda kuiomba akiwa amevaa tai. Mimi nilikuwa nimetumwa uzi pale dukani, nikasikia.

"Unataka kupiga picha ya nini, mwalimu?"

"Ya mdoli anayetembea, Alhaji."

"Anatembea kwa betri?"

"Hapana. Hatembei."

"Sasa?"

"Tunamsogeza, tunapiga. Tunamsogeza, tunapiga. Ukija kutazama, anatembea."

Alhaji akafikiri. "Kwa hiyo ni uongo."

"Ni uongo wa polepole," mwalimu akasema. "Huo haumdhuru mtu."

Nadhani jibu hilo ndilo lililompa kamera, Jumatatu mpaka Alhamisi, maana siku nyingine zilikuwa za harusi. Lakini Alhaji alikuwa mfanyabiashara. Alitaka midoli ya kike ivae vitambaa vya dukani kwake, vile vilivyoingia wiki hiyo. Vitambaa viliingia kila wiki. Mshonaji nilikuwa mimi, na hapo ndipo nilipojifunza kazi inayonilisha mpaka leo. Ukitazama filamu ile, utamwona mama muuza ndizi akianza kuinua mkono akiwa na kitenge cha samaki, na kabla mkono haujafika kichwani amevaa cha majogoo, akashusha akiwa amevaa cha miavuli. Mwalimu hakuona tatizo. "Ni mama mwenye uwezo," alisema.

Hadithi yenyewe ilikuwa fupi: mzee anatoka nyumbani kwenda sokoni kuuza jogoo. Basi. Mwalimu alikuwa ameonyeshwa ufundi huo siku moja kwenye semina Mbeya mjini, na tangu hapo hakupata usingizi mzuri. Miili ya midoli tuliitengeneza kwa waya, mpira wa tyubu ya baiskeli na nyuzi za mgomba. Vichwa aliagiza kwa mama mmoja mfinyanzi wa Ikombe, aliyekuwa akileta vyungu kwa mtumbwi. Mama yule hakuwahi kufinyanga kichwa, ila alikubali. Vilipokuja, vyote vilikuwa wazi juu, na vina ukingo.

"Mama, hivi ni vyungu," mwalimu akalalamika.

"Vina macho."

"Lakini vina mdomo juu."

"Kitu kisicho na mdomo kitapasuka motoni, mwalimu. Unataka mtu mzuri au unataka mtu mzima?"

Alitaka mtu mzima. Kwa hiyo midoli yetu yote ilivaa kofia au vilemba, na ndani ya kichwa cha mzee ndimo tulimohifadhi punje ya kipimo, mbali na kuku.

Kuhusu sura ya mzee yule wa udongo, hapo mwalimu alifanya kosa ambalo nadhani lingeweza kufanyika kwetu tu. Alihitaji darasa lenye sakafu ya saruji, ambapo meza haitikisiki, na lililokuwepo lilikuwa la darasa la tatu. Ruhusa ilitoka kwa mwenyekiti wa kamati ya shule, tuliyemwita Mzee wa Kamati. Ili kumpendeza, mwalimu akamwelekeza yule mama wa Ikombe amtazame vizuri sokoni. Mama akatazama. Kichwa kikaja na pua ileile, mashavu yaleyale, na ile hali ya mzee ya kuonekana kama ameonja kitu kichungu. Mzee wa Kamati akafurahi sana, akatoa darasa.

Kumbe mwalimu wa darasa la tatu alikuwa mkwe wake, mke wa mwanawe wa kwanza.

Kwetu, kwa desturi ya Kinyakyusa, mke wa mwana haonani uso kwa uso na baba mkwe wake. Akimwona anakuja, anaacha njia, anaingia migombani mpaka apite. Mjini wengi walishaanza kulegeza, lakini mwalimu wa darasa la tatu alikuwa amelelewa kwa kanuni. Asubuhi ya kwanza, katikati ya somo la hesabu, upepo ulipeperusha khanga iliyofunika meza yetu. Yule mama akageuka na chaki mkononi, akakutana na uso wa baba mkwe wake. Meza ilikuwa kati yake na mlango. Mama wa watoto wanne, mzito kidogo, akatoka kwa kupitia dirishani.

Alifundisha wiki nzima akiwa nje, kupitia dirisha, akiwa ameipa meza ile kisogo. Mwalimu wetu alikwenda kumsihi.

"Mwalimu mwenzangu, ule ni udongo."

"Uso ni wa nani?"

"Wa… wa mzee."

"Basi."

"Lakini haoni!"

"Mimi naona."

Mzee wa Kamati alipopata habari, alikuja mwenyewe kuangalia. Tulidhani ataamuru kichwa kivunjwe. Akasimama mbele ya mfano wake, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu tumfahamu.

"Hata udongo wangu anauheshimu," akasema. "Mwanangu ameoa."

Kuanzia hapo alikuja kila wiki kukagua safari yake. "Mwezi wa tatu huu bado nipo barabarani? Na jogoo mkononi? Watu watadhani nimelewa." Mwalimu alimjibu kwa heshima zote kwamba sokoni bado punje mia tisa. Alikuwa na msemo wake: "Anayeharakisha atafika, lakini hataonekana akija."

Ili yule mama arudi darasani, ikawekwa kanuni. Wakati wa masomo mdoli afunikwe, khanga ikandamizwe kwa mawe. Jioni tukipiga picha, mtu akae mlangoni kuangalia, maana mama yule alizoea kurudi kuchukua madaftari. Huyo wa mlangoni akimwona aseme "Mkwe!", na mwingine amfunike mzee mara moja. Wa kufunika alikuwa Tumpe, kwa kuwa alikuwa mwepesi. Wa mlangoni nilikuwa mimi, nikishona huku nikiangalia njia.

Kanuni nyingine ilikuwa ya mikono, na hiyo ilikuwa kali kuliko zote. Mkono ukionekana kwenye picha, alisema, mdoli amekufa, kwa sababu watu watajua anasogezwa. Kabla ya kubonyeza alipaza sauti: "Mikono!" Wote tukaiweka kichwani. Mazoea hayo hayajanitoka. Juzi Talatala, kijana mwenye simu aliposema tuangalie kamera pale kaburini, watu wazima watano, wenye wajukuu, tuliweka mikono kichwani kwa pamoja. Waombolezaji wengine wakadhani tumezidiwa, wakaanza kulia upya.

Alituchapa. Siwezi kumwandika kama hakutuchapa. Alikuwa na fimbo ya mti wa mpera, na aliitumia kwa mambo mawili: uongo, na mkono kwenye picha. Baada ya kumchapa mtoto alimpa kipande cha muwa, kisha akaenda kusimama nyuma ya choo cha walimu peke yake. Tulidhani anavuta sigara. Hakuwa anavuta sigara.

Siku ninayotaka kuisema ilikuwa Alhamisi. Kesho yake kamera ilikuwa iende kwenye harusi ya mpwa wa Alhaji. Mzee wa udongo alikuwa amefika kwenye kidaraja chetu cha vijiti, na mwalimu alitaka avuke kabla ya jua kushuka. Wiki hiyo kitenge cha miavuli kilikuwa kimeujaza mji. Mwalimu wa darasa la tatu alikuwa nacho, na nusu ya wanawake wa Mbugani walikuwa nacho. Nilikuwa nahangaika na sindano. Nikainua macho, nikaona miavuli inakuja kwenye uchochoro, na bila kutazama nani yuko ndani ya miavuli nikapiga kelele: "Mkwe anakuja!"

Mwalimu alikuwa ameshabonyeza. Tumpe akaruka na khanga, akamfunika mzee, jogoo na daraja. Miavuli ikapita mlangoni. Alikuwa muuza maandazi.

Mwalimu aligeuka taratibu. "Nani amesema mkwe anakuja?"

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nilikuwa dada mkubwa. Nilikuwa na sindano mkononi na sikufungua mdomo.

"Mimi, mwalimu," akasema Tumpe.

Alichapwa viboko viwili kwenye kiganja: kimoja cha uongo, kimoja cha mkono. Njiani kurudi nyumbani alinimegea muwa wake. Hatukulizungumzia. Mama alikufa bila kujua, na mpaka siku ninayoielekea hapa sikuwahi kumwambia mtu.

Filamu haikuisha. Alhaji alichukua kamera na mkanda ukiwa ndani yake, na wapiga picha wa harusi wakaendelea hapohapo mdoli alipoishia. Mkanda ulikaa dukani miezi mingi. Uliporudi kwa mwalimu, Tumpe alikuwa ameshazikwa.

Nilikwenda kuuomba mara nne. Mara ya kwanza nilitumwa na mama, matanga yakiwa yamekwisha juzi. Mwalimu alinitazama, akasema mkanda umeota ukungu. Mara ya pili umeazimwa na mtu wa Malawi. Mara ya tatu panya. Mara ya nne nilikuwa na watoto wangu wawili, akaniambia ukungu umerudi.

"Mwalimu, si ulisema umeliwa na panya?"

"Walibakiza kidogo. Kidogo hicho ndicho kilichoota ukungu."

Huyu ndiye mtu aliyekuwa akichapa watoto kwa ajili ya uongo. Nilirudi nyumbani nimekasirika, nikajiambia kuwa anaona aibu ya kazi yake iliyoharibiwa na mkono. Nilimchukia kwa muda. Nikaendelea kumshonea suruali, kwa sababu hakuna aliyejua vipimo vya miguu yake kama mimi.

Alipostaafu alihamia Talatala kwenye kakao zake. Watu walimcheka kuwa hata kutembea anatembea kama mdoli: hatua moja, anasimama, anafikiri, hatua nyingine. Mwaka jana, mvua zilipokatika, alimtuma muuza kakao aniambie niende, na niende mchana.

Nilimkuta ameketi kwenye turubai pembeni ya kakao iliyoanikwa. Alikuwa amekonda. Nikapiga goti.

"Ugonile, mwalimu."

"Ugonile, mwanangu. Kaa."

Pembeni yake palikuwa na mfuko wa mkate, na ndani yake mkanda. Haukuwa na ukungu. Panya hawakuugusa.

"Umeniomba mara nne," akasema. "Mara nne nimekudanganya."

"Najua, mwalimu."

"Kuna mkono humo."

"Ndio ninaoutaka."

"Kuna na sauti." Akageuza kakao kidogo kwa vidole. "Siku ile sikuizima mashine. Nilikwenda kuchukua fimbo, sikuizima."

Nilikuwa nimewaza mkono ule miaka yote, na sikuwahi kuwaza kwamba kamera ile ilikuwa na masikio.

"Sauti ya nani?" nikauliza, ingawa nilishajua.

"Yako. 'Mkwe anakuja.' Ni yako kabisa. Niliisikia nilipoletewa mkanda, aliyechapwa ameshazikwa."

Nikasema, "Ni mimi, mwalimu. Nilinyamaza. Alisema yeye badala yangu."

Akatikisa kichwa kukubali.

"Sasa kwa nini hukuniita? Kwa nini hukunichapa?"

"Ulikuja umevaa nguo za msiba," akasema. "Nikaona nikikupa mkanda, nyumba nzima itasikia. Mama yako atasikia. Nikasema nisubiri kidogo. Na kiganja nilichokichapa hakikuwa chenye kosa. Hilo nalo sikutaka lisikike."

Tulikwenda mjini kwa pikipiki moja, yeye katikati, mfuko wa mkate kifuani. Mbugani kulikuwa na fundi wa redio aliyekuwa bado na deki moja nzima ya video, amewekea mikebe ya misumari juu yake. Akaondoa mikebe. Tukakaa kwenye benchi. Mwalimu alikuwa amevaa tai.

Mzee wa udongo akatoka nyumbani kwake. Alitembea kwa kurukaruka, na kati ya kila hatua sauti ya mwalimu ilikatwa: "Pu—", "—kono", "Punj—". Nguo za mama muuza ndizi zikabadilika. Fundi akacheka, akasema huyu mama ni mchawi. Mzee akafika kwenye daraja. Akainua mguu.

"Mkwe anakuja!" ikapiga kelele sauti ya msichana, na msichana huyo nilikuwa mimi.

Mkono ukaingia. Mwembamba, una uzi mwekundu kwenye kifundo, uzi niliomfunga mimi na nilikuwa nimeusahau. Khanga ikafunika kila kitu. Kisha kwa muda kulikuwa na maua ya khanga tu, na swali la mwalimu, na kimya changu. Kimya kile ni kirefu. Sikujua kuwa kilikuwa kirefu hivyo.

"Mimi, mwalimu."

Moja. Mbili. Mwalimu kwenye benchi alifumba macho kila pigo. Halafu, karibu kabisa na kamera, kwa kunong'ona, Tumpe akasema, "Dada, jogoo kaanguka," akacheka. Khanga bado imetanda. Kisha ghafla vigelegele, taa, sinia la pilau, na bwana harusi aliyekaza macho kama aliyekamatwa akiiba.

Fundi akanyoosha mkono kuzima.

"Usizime," mwalimu akasema. "Rudisha nyuma kidogo." Akainua kidole gumba na cha shahada, akaacha nafasi kati yavyo, ndogo sana. "Punje moja."

Fundi hakumwelewa. Akabonyeza, mkanda ukalia, ukarudi mpaka mwanzo kabisa. Akaomba radhi, akauliza kama aupeleke mbele haraka.

"Hapana," tukasema wote wawili.

Mzee wa udongo akatoka tena nyumbani kwake na jogoo mkononi. Tukakaa kumsubiri afike darajani.